UZI: Shahada ya uuguzi Tanzania, inabadilisha nini na njia ya kuifikia leseni

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu nyote. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja hurudi hapa: kijana amepata alama zinazomruhusu kusoma uuguzi chuo kikuu, je, aende, au akae nyumbani mwaka mzima arudie mtihani ili apate udaktari? Upande wa pili wako wauguzi wa stashahada, watu wazima wenye familia na ajira, wanaouliza kama kurudi darasani kwa miaka minne kutawaletea chochote zaidi ya cheti cha kutundika sebuleni. Mimi ni muuguzi mwenye shahada. Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika wodi ya wazazi, na sasa sehemu ya kazi yangu ni kuwaelekeza wanafunzi na watarajali, yaani wahitimu walio katika mwaka wa mazoezi ya kazi kabla ya leseni. Nitaeleza utaratibu wa Tanzania Bara peke yake, kwa kuwa Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga, na Kenya na Uganda vivyo hivyo.

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia. Shahada ya uuguzi haimtoi mtu kando ya kitanda cha mgonjwa. Inamwacha palepale, ila inamwongezea madaraka, na pamoja na madaraka hayo inamwongezea maswali ambayo hatakiwi tena kuyasukumia kwa mwingine. Anayeisoma akidhani ni njia ya kuikimbia wodi huwa na miaka minne migumu sana, na mara nyingi wagonjwa wake huwa na wakati mgumu kumzidi yeye.

Tuanze na jambo linalopotoshwa zaidi. Chuo hakimfanyi mtu kuwa muuguzi kisheria. Chuo hutoa shahada, na anayemruhusu mtu kumgusa mgonjwa akiwa mtaalamu ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lililopewa kazi hiyo na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Wenye cheti huandikishwa, wenye stashahada na wenye shahada husajiliwa. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba bila digrii hawezi kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Anaweza, na wengi waliosajiliwa wamefika hapo kwa stashahada. Hata Marekani, ambako watu wengi hudhani kila kitu ni digrii, aliyesoma programu fupi ya uuguzi katika chuo cha jamii hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye shahada ya miaka minne.

Tofauti basi iko wapi? Katika utumishi wa umma inaonekana kwenye jina la cheo na ngazi ya mshahara: mwenye cheti huajiriwa kama Muuguzi Daraja la II, mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, na mwenye shahada kama Afisa Muuguzi Daraja la II. Tofauti hiyo ya kuanzia humfuata mtu hadi kustaafu, kwa sababu kila mmoja hupanda katika ngazi zake za muundo wa utumishi. Shahada pia ndiyo inayofungua mlango wa uzamili, kwa mfano uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, au ukunga na afya ya wanawake, ambazo zote hufundishwa Muhimbili. Asiye na shahada hawezi kuingia huko, na bila uzamili hawezi kutegemea kuwa mhadhiri.

Ila tofauti ninayoijali mimi haiandikwi kwenye tangazo la kazi. Chukueni mfano wa mama aliyeletwa na kifafa cha mimba. Kila muuguzi wa leba, wa ngazi yoyote, anajua magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli, yaani gramu 5 kila upande wa matako. Anajua pia kwamba kabla ya dozi inayofuata lazima ahakikishe mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa. Shahada inataka ueleze sababu. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo; mkojo ukipungua, dawa inabaki kwenye damu na kurundikana; ikirundikana, goti huacha kuruka kabla pumzi haijaanza kuzimika, na ndiyo maana goti likawa kengele ya kwanza. Aliyeelewa mnyororo huo, hata akikuta fomu imejazwa na wa zamu iliyopita kwamba dozi iendelee, atasimama, atapima, atamwita daktari na kuweka kalisiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, mkononi kabla ya kuambiwa. Wapo wauguzi wa stashahada wanaofanya hivyo kila siku, nami nimejifunza kwa baadhi yao. Lakini wao wameupata uelewa huo kwa juhudi binafsi na kwa miaka ya kazi, wakati mwenye shahada, asipoupata, hana udhuru wowote.

Sasa njia zenyewe. Wa moja kwa moja kutoka kidato cha sita anahitaji ufaulu kamili wa somo, unaoitwa *principal*, katika Kemia na Biolojia, na somo la tatu linalotajwa katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka husika. Usitumie mwongozo wa kaka yako aliyemaliza zamani. Wa pili ni mwenye stashahada ya uuguzi, ambaye hupimwa kwa GPA au wastani wa stashahada yake pamoja na masomo ya sayansi ya kidato cha nne; nitarudi kwake hapa chini, kwa sababu wengi hukwamia hapo. Maombi hupelekwa moja kwa moja katika chuo, na ukichaguliwa na zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliowekwa.

Vyuo vinavyofundisha shahada hii ni kadhaa: Muhimbili na Kairuki kwa Dar es Salaam, pamoja na Aga Khan ambako idadi kubwa ya wanafunzi wamekuwa ni wauguzi waliokwisha kuajiriwa, Chuo Kikuu cha Dodoma na Mtakatifu Yohana kwa Dodoma, Bugando kwa Mwanza, na KCMC kwa Moshi. Ushauri wangu wa kuchagua ni mmoja tu, nao ni kuangalia hospitali iliyoko nyuma ya chuo kabla ya kuangalia majengo ya chuo chenyewe. Wodi ndiyo maabara yako. Anayesoma Bugando au KCMC anakutana na wagonjwa wa rufaa wa kanda nzima. Wa Dodoma wana Hospitali ya Benjamin Mkapa na pia Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambako mwanafunzi hujifunza uuguzi wa akili kwa watu halisi, akaacha kuuogopa.

Miaka minne hiyo haigawanyiki kwa usawa. Mwaka wa kwanza ni mzito kwa anatomia, fiziolojia, biokemia na mikrobiolojia, na hapo ndipo wanaoona uuguzi kama kozi nyepesi hukamatwa. Misingi ya uuguzi huanza mapema, katika chumba cha mafunzo ya vitendo chenye sanamu, kisha wodini. Baadaye huja farmakolojia, uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji, watoto, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii, na mwishoni utafiti, takwimu, uongozi wa wodi na ufundishaji. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa utarajali, ambapo Wizara ya Afya humpangia mhitimu hospitali naye huzunguka katika idara kuu akisimamiwa. Hapo unavaa sare na kushika zamu kama mwajiriwa, ila bado uko chini ya jicho la mwingine. Kisha kuna mtihani wa Baraza, usajili na leseni. Hesabu miaka mitano kamili kabla ya kujiita muuguzi, na uweke akiba ya miezi kwa ajili ya kusubiri kati ya hatua moja na nyingine.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, mhitimu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia):

Shikamoo mleta mada. Mimi ndoto yangu ilikuwa udaktari, lakini alama hazikutosha. Nyumbani wananiambia nichukue uuguzi kwanza, halafu nitahamia udaktari nikiwa ndani. Je, jambo hilo linawezekana, na je, miaka ya uuguzi itahesabiwa?

Mleta mada:

Marahaba, mdogo wangu. Fanya hesabu hii kabla ya kusaini fomu. Uuguzi ni miaka minne na utarajali mwaka mmoja. Udaktari wa tiba ni miaka mitano na utarajali wake mwaka mmoja. Anayemaliza uuguzi kisha akadahiliwa udaktari huanza mwaka wa kwanza kama wengine, hata kama anatomia aliifaulu vizuri. Jumla ni miaka kumi na mmoja. Wapo waliofanya hivyo, na wamekuwa madaktari wazuri ajabu kwa sababu wanajua kinachotokea wodini raundi ikishapita. Lakini usiingie ukiwa na mpango wa kutoka. Mwanafunzi wa namna hiyo namtambua mapema: hupenda kusimama na madaktari kwenye raundi, akiambiwa amgeuze mgonjwa aliyelala muda mrefu ili asipate vidonda vya mgandamizo, hutafuta kijana wa mwaka wa chini amfanyie.

Wazazi wengi wana fikra kwamba uuguzi ni udaktari uliopungua alama. Kwa kweli ni kazi nyingine. Daktari anauliza mgonjwa huyu ana ugonjwa gani na tuutibu vipi. Sisi tunauliza ugonjwa huo unamfanya mtu huyu ashindwe nini, leo, saa hii, na tumsaidieje apumue, ale, alale, asiumie, asipate maambukizi mapya na aelewe anachofanyiwa. Kama swali hilo la pili halikuvutii hata kidogo, rudia mtihani, au angalia famasia au maabara. Hakuna aibu katika hilo. Na kama linakuvutia, basi wala usijione uliyefeli.

Mchangiaji, mzazi:

Ndugu mleta mada, mimi ni mkulima na nina watoto wengine wawili sekondari. Binti yangu amechaguliwa chuo binafsi. Naomba unieleze kuhusu mkopo, na kama ni busara kumpeleka huko au kumrudisha kwenye stashahada ambayo ni miaka mitatu.

Mleta mada:

Mzee wangu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutoa mkopo kwa vipengele: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada ya mafunzo, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kozi za afya zimekuwa katika kundi la kipaumbele, lakini kipaumbele hakimaanishi kwamba kila mwombaji atapata asilimia mia, kwa hiyo ada ya chuo binafsi inaweza kubaki na pengo ambalo utalijaza mwenyewe kila mwaka kwa miaka minne. Pengo hilo ndilo la kulipigia hesabu, wala si ada nzima iliyoandikwa kwenye barua. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi kurejesha mkopo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni iliondolewa mwaka 2021, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu stashahada, sioni kama ni kumshusha mtoto. Kama pengo la ada litakulazimisha kuuza shamba, mpeleke stashahada, asajiliwe, aajiriwe, kisha arudi kwa shahada akiwa na mshahara wake. Njia ni ndefu zaidi, lakini akifika katika darasa la shahada atakuwa anajua anachouliza. Kama pengo linabebeka, mpeleke shahada moja kwa moja, kwa sababu kurudi shuleni baada ya ndoa na watoto si jambo rahisi kwa mwanamke, na hilo tuliseme wazi kwa kuwa wengi wa wauguzi wetu ni wanawake.

Mchangiaji, muuguzi wa stashahada:

Mimi niko kazini katika halmashauri moja. Nilimaliza stashahada kwa GPA nzuri, lakini kidato cha nne nilipata F ya hisabati. Nimeambiwa chuo kimoja kwamba sina sifa. Pia nasikia waliosoma wakarudi, wanakaa miaka bila kupandishwa cheo. Faida iko wapi?

Mleta mada:

Hapo umegusa pale nilipoahidi kurudi. Mwenye stashahada husoma tangazo, akaona GPA yake inatosha, akaacha kusoma mistari ya chini inayodai masomo fulani ya kidato cha nne. Kama mwongozo wa mwaka unaoombea unaitaja hisabati, jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea uirudie. Najua inakera kuambiwa urudie hesabu za sekondari wakati unahesabu dawa za watoto kila siku bila kukosea, na binafsi naona mfumo ungeweza kumpima mtu wa aina yako kwa njia nyingine. Lakini sheria ndiyo hiyo, na kuirudia hesabu ni haraka kuliko kubishana na ofisi ya udahili.

Kuhusu cheo, malalamiko yako ni ya kweli na nimeyasikia kutoka mikoa mingi. Kinachowakwaza wengi ni karatasi. Kabla hujaondoka, hakikisha una ruhusa ya masomo ya maandishi kutoka kwa mwajiri, kwamba kozi yenyewe imo katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, na kwamba nakala iko kwenye jalada lako. Aliyekwenda kwa makubaliano ya mdomo na Muuguzi Mfawidhi wake, ambaye baadaye akahamishwa, hurudi na shahada akakuta hakuna anayejua alikuwa wapi. Kubadilishiwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi kunahitaji nafasi katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti ya mishahara, kwa hiyo usitegemee mwezi wa kwanza. Andika barua, ambatisha vyeti na usajili mpya wa Baraza, pata mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Chama cha Wauguzi Tanzania, TANNA, kinaweza kukuelekeza ukikwama, mradi uwe mwanachama kabla ya shida kutokea.

Mchangiaji, mganga katika kituo cha afya:

Niseme ukweli usiopendeza. Hawa wauguzi wa digrii tunaoletewa wanajua kuandika mpango wa huduma wa kurasa tatu, lakini ukimpa mtoto mwenye upungufu wa maji atafute mshipa, anatetemeka. Yule wa cheti aliyekaa kijijini anaupata kwa mara ya kwanza. Shahada imetusaidia nini?

Mleta mada:

Daktari, sitakataa ulichokiona, kwa sababu nami nimekiona. Chanzo chake hakifichiki. Hospitali moja ya kufundishia hupokea kwa wakati mmoja wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi wa ngazi zote tatu, na maofisa tabibu. Mshipa mmoja wa mtoto mmoja unagombewa na vijana wanane, na mama wa mtoto ana haki ya kusema basi. Mwanafunzi wa cheti aliye katika hospitali ya wilaya yenye wahudumu wachache hupata mikono mingi ya mazoezi, kwa sababu asipofanya yeye hakuna wa kufanya. Mkono haujifunzi kwa kusoma, na mtoto mwenye upungufu wa maji ni mtihani mgumu hata kwa mzoefu.

Lakini nami nikuulize. Ukimpa yule wa kwanza miezi sita katika kituo chako, akiwa na mtu wa kumwelekeza, je, bado atatetemeka? Kwa watarajali niliowaelekeza, mikono huja haraka sana wakipewa nafasi. Kinachochelewa kuja, na wakati mwingine hakiji kabisa, ni tabia ya kuuliza kwa nini. Nikupe mfano kutoka leba. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba uchungu wa nguvu huanza kuhesabiwa njia ikifunguka sentimeta 4, na patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ilichorwa hivyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu unaoanzia sentimeta 5, na mstari wa zamani wa tahadhari uliokuwa ukidhani kila mama hufunguka sentimeta 1 kwa saa ukaondolewa. Niliwaona wazoefu wenye mikono ya dhahabu wakikataa kabisa badiliko hilo, wakisema ndivyo walivyofundishwa. Aliyefundishwa kusoma utafiti hakuhitaji kulazimishwa. Aliusoma, akaelewa kwamba akina mama wengi walikuwa wakiongezewa uchungu au kupelekwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya mstari tu, akabadilika.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni kwamba usimwache yule wa digrii ofisini akiandika takwimu za mwezi kwa sababu ana mwandiko mzuri. Hilo ndilo kosa la vituo vingi. Mtu anafika akiwa na uelewa lakini bila mikono, anapewa kompyuta na madaftari ya ripoti, na baada ya mwaka mmoja tunamcheka kwamba hawezi kupata mshipa. Mpange zamu za usiku na yule wa cheti. Mmoja atafundishwa mkono, na mwingine atajifunza kwa nini dripu ya yule mtoto isiachwe ikimbie.

Mchangiaji, mtarajali:

Mkuu, mimi niko mwishoni mwa utarajali na naogopa mtihani wa Baraza. Wenzangu wananunua maswali ya zamani kwenye makundi ya simu. Je, yanasaidia?

Mleta mada:

Yanasaidia kukuzoesha umbo la swali, hayasaidii zaidi ya hapo, na mengi yanayouzwa yana majibu yaliyokosewa ambayo utayakariri kwa uaminifu. Maswali ya leseni hupenda kukupa mgonjwa na kukuuliza utafanya nini kwanza. Majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi. Kinachopimwa ni mpangilio. Mgonjwa anatoka damu, amechanganyikiwa, na ndugu zake wanalia: njia ya hewa na upumuaji huja kabla ya damu, damu kabla ya maelezo kwa ndugu. Kwa hiyo badala ya kukariri, kila unapopokea zamu jiulize kati ya wagonjwa wako ni nani utamwendea kwanza na kwa nini, halafu umweleze mwelekezi wako akusahihishe. Fursa hiyo unayo bure kila siku, na ukishaajiriwa itapungua.

Hesabu za dawa zirudie hadi zikuchoshe. Daktari ameandika lita moja ya maji ya chumvi kwa saa 8, na seti yako inatoa matone 20 kwa mililita. Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya unapata matone 42 kwa dakika kwa kukadiria. Sasa badilisha seti iwe ya watoto inayotoa matone 60 kwa mililita uone jibu linavyoruka hadi 125. Anayekariri kwamba lita moja kwa saa 8 ni matone 42 siku moja atabadilishiwa seti bila kuambiwa.

Na ukishapata leseni, ujue kwamba haidumu milele. Hutakiwi kuihuisha kwa ada pekee, bali kwa kuonyesha pia kwamba umehudhuria mafunzo endelevu ya kitaaluma. Anza kutunza kumbukumbu hizo tangu semina ya kwanza.

Mchangiaji, muuguzi aliye Muscat:

Nawasalimu kutoka Oman. Naomba mleta mada uguse suala la kufanya kazi nje, kwa sababu vijana wengi wananitumia ujumbe wakidhani shahada ni tiketi ya ndege.

Mleta mada:

Ahsante sana, na naomba utusahihishe kwa upande wa Ghuba kwa kuwa wewe ndiye uliye huko. Ninachokijua ni kwamba nchi za Ghuba huhakiki vyeti kutoka chanzo, yaani wanaandikia chuo chako na Baraza moja kwa moja, kisha kuna mtihani wa kompyuta, na waajiri wengi hudai uzoefu wa kazi baada ya leseni. Mhitimu asiye na hata mwaka mmoja wa wodi, awe na shahada au la, ana nafasi ndogo.

Uingereza, baraza lao hudai mtihani wa kompyuta unaoweza kuufanya ukiwa nje ya nchi hiyo, kisha mtihani wa vitendo ukishafika, pamoja na ushahidi wa Kiingereza. Kwa IELTS, ambao ni mtihani wa Kiingereza, ni alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Hapa kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, nayo Uingereza huwakataza waajiri na mawakala kuja kuajiri katika nchi za orodha hiyo. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali. Kwa hiyo wakala anayekuambia ana mkataba wa kuwapeleka wauguzi wa Kitanzania kwa makundi huko, na anaomba pesa ya usajili kwanza, muulize kwa mamlaka gani.

Marekani ndiyo ndefu zaidi: tathmini ya masomo yako, mara nyingi kupitia taasisi ya TruMerit (zamani ikiitwa CGFNS), ruhusa ya bodi ya jimbo unalolitaka, NCLEX-RN yenyewe, kisha viza. Mtihani huo hubadilika kwa kufuata majibu yako. Una maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa tano. Shahada hukusaidia katika tathmini kwa sababu saa zako za nadharia na vitendo huhesabiwa somo kwa somo, na zinapaswa kuonekana kwenye nakala ya matokeo. Ukiwa bado chuoni, hakikisha saa zako za ukunga, watoto na afya ya akili zimeandikwa na kusainiwa katika daftari lako la mazoezi, maana miaka kumi baadaye aliyekusimamia huenda amekwisha kustaafu.

Jingine ni majina. Uhakiki mwingi hukwama kwa sababu cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti imeongezewa jina la mume, na leseni ya Baraza ina herufi moja iliyokosewa. Yapange majina yako sasa, ukiwa nchini, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha uombe Baraza lisahihishe kumbukumbu zake kabla hujaanzisha ombi lolote la nje.